Mtaji Umekatika: Lugha, Saikolojia na Maamuzi ya Fedha katika Biashara Ndogondogo



1.0 Utangulizi

Sentensi "mtaji umekatika" ni miongoni mwa sentensi zinazosikika sana katika masoko ya Tanzania. Huisema mama lishe aliyeacha kuinjika masufuria yake kando ya kituo cha mabasi. Huisema machinga aliyelazimika kurudi kijijini. Huisema pia kijana aliyefunga genge la mboga miezi michache baada ya kulifungua. Anayeisikia haulizi maana yake, kwani maana yake ni wazi: biashara ilikuwapo, sasa haipo.

Hata hivyo, sentensi hiyo yenye maneno mawili tu inastahili kuchunguzwa. Mtaji haukatiki kama kamba iliyochakaa. Fedha zilitoka kwa mkono fulani, siku fulani, kwa sababu fulani. Huenda zililipia mazishi, zilinunua unga wa nyumbani, zilikopeshwa kwa jirani asiyelipa, au zilipelekwa kwa mkopeshaji aliyekuwa akibisha hodi kila jioni. Yote hayo yamefichwa ndani ya kiambishi kimoja cha kitenzi.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba maamuzi ya fedha ya wafanyabiashara wadogo hufuata kanuni za kisaikolojia zinazoweza kuelezwa, na kwamba sehemu kubwa ya kanuni hizo imekwisha kupewa majina katika Kiswahili na wafanyabiashara wenyewe. Hoja kuu ni kuwa majina hayo hayajachukuliwa kwa uzito unaostahili na wale wanaoandika vitabu vya mafunzo ya ujasiriamali, mikataba ya mikopo na sera. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara huelezwa kuwa hajui hesabu, ilhali anazo hesabu zake zenye istilahi kamili, na wakati huohuo huuziwa madeni kwa maneno ambayo hayamwambii kuwa ni madeni.

2.0 Misingi ya nadharia na tahadhari

Kwa muda mrefu nadharia za uchumi zilimchukulia mwanadamu kama mtu anayepima kila jambo kwa mizani iliyo sawa. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha katika jarida la Econometrica makala kuhusu nadharia ya matarajio. Walionyesha kwamba watu hupima faida na hasara kuanzia mahali walipo, na kwamba hasara huuma zaidi kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Kahneman alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996. Richard Thaler naye, katika makala yake ya mwaka 1985, alieleza kwamba watu hugawa fedha zao katika mafungu akilini na kulitendea kila fungu kwa kanuni zake. Yeye alipata tuzo hiyo mwaka 2017.

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili hashangazwi sana na matokeo hayo. Methali isemayo "usiache mbachao kwa msala upitao" inamwonya mtu asiache mkeka wake mkuukuu kwa sababu ya mswala mzuri ulio mikononi mwa mpita njia. Hiyo ni tabia ya kung'ang'ania kilichopo ambayo wanasaikolojia waliipima baadaye kwa majaribio. Yafaa, hata hivyo, kuweka tahadhari mbili.

Kwanza, methali si ushahidi wa namna jamii inavyofikiri. Jamii iliyosema "maji yakimwagika hayazoleki," ikimshauri mtu asahau alichokwisha kupoteza, ndiyo iliyosema "ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga," ikimshauri aendelee na alichokwisha kuanza. Mfanyabiashara anayefikiria kufunga duka lisilo na wateja anaweza kutumia yoyote kati ya hizo. Methali ni silaha ya mjadala, na kila upande wa mjadala huchagua ya kwake. Inachothibitisha ni kwamba mjadala wenyewe unafahamika.

Pili, lugha haimlazimishi msemaji kuweka wala kutumia fedha. Mwaka 2013 mchumi Keith Chen alidai kwamba wasemaji wa lugha zinazolazimisha njeo ya wakati ujao huweka akiba ndogo kuliko wasemaji wa lugha kama Kijerumani na Kifini, ambamo mtu anaweza kulisema jambo la kesho kwa njeo ya wakati uliopo. Madai hayo yalipokelewa kwa shauku. Lakini mwaka 2015 Sean Roberts na James Winters, wakishirikiana na Chen mwenyewe, walirudia uchunguzi kwa kuzingatia undugu wa lugha, na uhusiano uliodaiwa ukadhoofika sana. Kwa upande wa Kiswahili hoja ni nyepesi zaidi: anayesema "nitaweka" akaweka na anayesema "nitaweka" asiweke wote wanatumia kiambishi -ta-. Sarufi ni moja, vitendo ni viwili.

Msimamo wa mhadhara huu ni wa katikati. Lugha haiamui, lakini huacha alama. Pale ambapo jamii imekabiliwa na tatizo lilelile kwa vizazi, tatizo hilo hupata msamiati, na msamiati huo ni data.

3.0 Fungu, kibubu na hesabu

Neno "fungu" lina matumizi mengi katika maisha ya fedha. Nyanya sokoni huuzwa kwa mafungu. Bajeti ya serikali hugawanywa katika mafungu. Nyumbani, mama anayefanya biashara hutenga fungu la kodi, fungu la ada ya watoto, fungu la kula na fungu la mtaji. Kwa mchumi wa zamani shilingi ya kodi na shilingi ya ada ni shilingi moja, na kuzitenganisha ni kujidanganya. Kwa mwenye biashara kuzitenganisha ndiyo njia ya kuzilinda, kwa sababu anajijua na anawajua wanaomzunguka.

Mgawanyo huo unaweza kubeba pia maadili. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu Waluo wa Kenya, alieleza dhana ya fedha chungu: fedha zilizopatikana kwa njia fulani, kama vile kuuza ardhi ya ukoo, ambazo hazifai kulipia mahari. Fedha hizo ni halali dukani lakini si halali katika kila jambo. Kwa hiyo fungu haliamuliwi na matumizi yajayo pekee. Huamuliwa pia na chanzo.

Chombo cha kulinda fungu kinaitwa "kibubu". Katika umbo la neno hilo mna "bubu", na jina linafaa: ni kisanduku kinachopokea na kunyamaza. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari hakina mlango. Mwenye fedha akizitaka sharti akivunje. Hana riba anayoipata, na mwizi akiingia anakibeba chote. Kwa mizani ya faida tupu ni chombo duni. Kwa nini basi kinatumika?

Jibu linapatikana katika uchunguzi wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson uliochapishwa mwaka 2013. Watafiti hao walifanya kazi magharibi mwa Kenya na wanachama wa vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, vinavyoitwa "upatu" au "mchezo" Tanzania na "chama" Kenya. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli pamoja na ufunguo wake, wakaambiwa waweke humo fedha za mahitaji ya afya. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, lakini ufunguo ukabaki kwa msimamizi hadi lengo lifikiwe. Mtu angetarajia kwamba kisanduku kisichofunguka kingefanya kazi zaidi. Ikawa kinyume: kwa matumizi ya kinga ya afya kisanduku chenye ufunguo mkononi kilisaidia sana, na kile kilichofungwa kabisa hakikusaidia hivyo, kwa kuwa watu waliogopa kuzifungia fedha ambazo huenda zingehitajika ghafla. Kilichofanya kazi kilikuwa ni kule kutajwa kwa fungu. Fedha zilipopewa jina ziliacha kuwa fedha za jumla, na mwenyewe akapata sababu ya kuwajibu waombaji, na ya kujijibu nafsi yake pia.

Neno la tatu ni "hesabu". Katika usafiri wa daladala, bajaji na bodaboda nchini Tanzania, hesabu ni kiasi ambacho dereva hulazimika kumpelekea mwenye chombo kila siku. Dereva husema "sijapata hesabu" au "hesabu imetimia". Kwa njia hiyo siku hugawanyika mara mbili: kabla ya hesabu dereva yumo katika hasara, baada ya hesabu yumo katika faida. Mpaka huo ni wa mkataba, lakini pia ni wa akili. Colin Camerer na wenzake, katika makala ya mwaka 1997 kuhusu madereva wa teksi wa New York, walidai kuwa madereva hujiwekea shabaha ya siku na kuacha kazi mapema siku ambazo wateja ni wengi, yaani siku ambazo ingefaa waendelee. Mchumi Henry Farber aliyapinga matokeo hayo, na mjadala umeendelea. Uchunguzi wa Dupas, Robinson na Santiago Saavedra kuhusu waendesha baiskeli za abiria magharibi mwa Kenya uliongeza jambo muhimu: wafanyakazi hao hufanya kazi zaidi siku wanapokuwa na hitaji maalumu la fedha, na huelekea kuacha wanapokwisha kulitimiza. Shabaha humpa mtu aliyechoka sababu ya kuendelea kwa saa moja zaidi. Humpa pia sababu ya kusimama. Neno "hesabu" linabeba nguvu zote mbili.

4.0 Kauli za vitenzi na kauli za watu

Ni wakati wa kurudi kwenye sentensi ya mwanzo. Kitenzi "kata" kikiambikwa -ik- hutoa kauli ya kutendeka, "katika". Wanasarufi wanafahamu tofauti kati ya kauli hiyo na kauli ya kutendwa. Inawezekana kusema "mti umekatwa na Juma"; haiwezekani kusema "mti umekatika na Juma". Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Hivyo anayesema "mtaji umekatika" ameeleza tukio bila kumtaja mtu, na sarufi haimdai amtaje.

Lugha inayo njia nyingine ya kusema jambo hilohilo: "amekula mtaji". Hapa mtenda yupo, na kitenzi "kula" kinamshtaki. Biashara moja iliyokufa inaweza kuelezwa kwa sentensi zote mbili, kutegemea nani anasema na kuhusu nani. Wanasaikolojia wa jamii, hasa tangu kitabu cha Fritz Heider cha mwaka 1958, wameeleza namna watu wanavyotafuta sababu za matukio, ama ndani ya mtu ama katika mazingira. Kiswahili kinaziweka sababu hizo mbili katika maumbo mawili ya sentensi.

Lakini msikilizaji asifanye haraka kuiona kauli ya kutendeka kama kisingizio. Moto ulioteketeza soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, Julai 2021, ulikata mitaji ya watu ambao hawakula kitu. Ugonjwa wa mtoto hukata mtaji. Mfanyabiashara mdogo hana bima wala akiba ya pembeni, kwa hiyo mtaji ndio bima yake. Sentensi isiyo na mtenda mara nyingine ni sentensi ya kweli.

Tatizo hutokea pale mwenye biashara mwenyewe asipojua kama mtaji uliliwa au ulikatika. Methali isemayo "mali bila daftari hupotea bila habari" inasisitiza neno la mwisho: habari. Hasara yenyewe inaweza kuvumilika. Hasara isiyo na habari haifundishi. Palipokosekana daftari, maelezo mengine hujaza pengo. Mojawapo ni imani ya "chuma ulete", yaani uchawi unaodaiwa kuvuta fedha kutoka katika droo ya mtu kwenda kwa mwingine. Mtafiti wa lugha hana haja ya kumdhihaki anayeamini hivyo. Yatosha kuona kwamba istilahi hiyo inataja kwa usahihi hali halisi: mauzo yalikuwa mazuri mchana, na jioni fedha hazifikii kiasi kilichotarajiwa. Hali hiyo ni ya kihasibu. Maelezo yake ndiyo yanayotofautiana. Na maelezo yana gharama, kwa sababu anayemshuku jirani hatafuti kosa katika matumizi yake mwenyewe.

Mfano mwepesi wa hasara isiyo na habari ni chenji. Mteja huja na noti kubwa, muuzaji hana chenji, mteja huondoka. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, katika makala ya mwaka 2014 kuhusu biashara ndogo nchini Kenya, walikadiria kwamba kwa wastani biashara hupoteza takribani asilimia 5 hadi 8 ya faida kwa kukosa chenji. La kushangaza ni kwamba kuwauliza tu wenye biashara mara kwa mara kuhusu chenji kulibadilisha mwenendo wao. Hawakuwa wamekosa elimu wala fedha. Jambo hilo lilikuwa limepita pembeni mwa macho yao, na swali likalileta mbele. Kuuliza, ikumbukwe, ni tendo la lugha.

Kiswahili kina maana nyingine ya neno "kauli" ambayo ni muhimu hapa. Katika biashara ya Tanzania "mali kauli" ni bidhaa anazochukua muuza rejareja kwa muuza jumla bila kulipa, kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Dhamana ni neno lake. Utaratibu huo huendesha biashara nyingi ambazo benki hazizifikii, na nguvu yake hutokana na hofu ya kupoteza jina. Mtu aliyevunja kauli hapati mzigo tena.

Nguvu hiyohiyo huelekea upande wa pili. Muuza duka anayeitwa "kaka", "shangazi" au "shemeji" na mteja asiye na fedha anaombwa mkopo kwa istilahi za ukoo, na ni vigumu kumkatalia shemeji kwa hoja za uhasibu. Ndiyo maana kibandiko cha "kukopa kesho" ukutani ni kifaa cha busara: kinakataa kwa niaba ya mwenye duka, naye akabaki muungwana. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya majaribio katika vijiji vya Kenya, wakayachapisha mwaka 2016. Walionyesha kwamba baadhi ya wanawake walikuwa tayari kupata faida ndogo zaidi ilimradi ndugu zao wasijue kiasi walichokipata. Atakayewaona wanawake hao kwa mbali atasema hawajui kuwekeza. Wao wanajua, kinachowaelemea ni kodi ya undugu, ambayo haiandikwi popote.

5.0 Majina ya mikopo

Sehemu hii ndiyo yenye uzito mkubwa katika maisha ya watu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mlango wa mikopo. Majina ya huduma hizo ni ya Kiswahili, na mwanaisimu anapaswa kuyasoma kwa makini.

M-Shwari ilianza Kenya mwezi Novemba 2012. "Shwari" ni hali ya bahari iliyotulia. Fuliza ilianza Kenya mwaka 2019. "Kufuliza" ni kwenda moja kwa moja bila kusimama. Tanzania ina Songesha, kitenzi cha kusukuma jambo lisogee mbele, na Nivushe, iliyoanzishwa na kampuni iliyokuwa ikiitwa Tigo, ambayo ni ombi la kuvushwa upande wa pili. Katika majina hayo manne hamna "deni", hamna "kopa", hamna "lipa". Matatu ni vitenzi vya mwendo, na moja ni utulivu wa bahari. Mkopo umeelezwa kuanzia anapoupokea mtu hadi anapovuka, na hadithi inaishia ng'ambo. Kurudi hakusimuliwi.

Istilahi za gharama nazo hufuata njia hiyo. M-Shwari ilipoanza, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, na tozo hiyo iliitwa ada, si riba. Kwa hesabu ya moja kwa moja, asilimia 7.5 kwa siku 30 ni zaidi ya asilimia 90 kwa mwaka. Neno "ada" humfanya mtu afikirie malipo ya mara moja, kama ada ya shule au ya uanachama. Neno "riba" humfanya afikirie muda. Kubadilisha neno ni kubadilisha kipimo anachotumia msikilizaji, na nadharia ya Kahneman na Tversky ilikwisha kueleza kuwa uamuzi hutegemea namna jambo linavyowasilishwa.

Wakopaji nao wametoa majina. Mikopo ya mitaani yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo wanawake wengi wa mijini na vijijini Tanzania wameichukua, wameiita "kausha damu". Linganisha vitenzi: mkopeshaji anasema songesha, vusha, fuliza, mkopaji anasema kausha. Cha kwanza ni cha miguu, cha pili ni cha mwili unaopungukiwa.

Chukua mfano wa kufikirika. Mama lishe anakopa shilingi 100,000 na kutakiwa kurejesha shilingi 5,000 kila siku kwa siku 26. Akiwa mbele ya mkopeshaji anapima jambo moja: je, shilingi 5,000 zitapatikana kwa siku? Zitapatikana. Rejesho la siku limeingia katika fungu la siku, sambamba na mkaa na mchele, na kwa kipimo hicho mkopo unaonekana mdogo. Jumla, hata hivyo, ni shilingi 130,000. Gharama ya asilimia 30 kwa siku 26 ni zaidi ya asilimia 400 kwa mwaka kwa hesabu rahisi. Na kwa kuwa deni hupungua kila siku, kwa wastani yeye hukaa na takribani nusu tu ya fedha alizokopa, hivyo gharama halisi inakaribia mara mbili ya hiyo. Siku mvua inaponyesha na wateja hawaji, rejesho hutolewa katika fungu la mtaji. Siku ya tatu ya mvua anakopa kwingine ili alipe hapa. Ndipo sufuria, kitanda na televisheni huanza kutajwa kama dhamana.

Wazee walisema "kukopa harusi, kulipa matanga". Methali hiyo inataja nyakati mbili zenye hisia mbili, na mwanadamu anayeamua akiwa harusini haoni vizuri matanga. Utaratibu wa marejesho ya kila siku umeyakata matanga hayo vipande ishirini na sita, kila kipande kikiwa kidogo mno kuliliwa.

Msamiati wa kilimo nao umetumika. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za mpango uliojulikana kama DECI, ambamo watu walialikwa "kupanda mbegu" za fedha na kusubiri "mavuno". Mkulima anajua kuwa mbegu hufa ardhini kabla ya kuota, na kwamba kungoja ni sehemu ya kazi. Sitiari hiyo iliugeuza wasiwasi kuwa uvumilivu. Aliyeuliza fedha zake ziko wapi alionekana kama mtu anayefukua mbegu.

6.0 Wajibu wa taaluma

Ipo hoja kinzani inayopaswa kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba kuzungumzia saikolojia ya mfanyabiashara mdogo ni kumlaumu maskini kwa umaskini wake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini utafiti wenyewe unaelekea upande mwingine. Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, katika makala ya mwaka 2013, waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili kabla ya mavuno, fedha zilipokuwa zimemwishia. Uhaba hujaza akili na kuacha nafasi ndogo ya mambo mengine. Tajiri akiwekwa katika uhaba huo ataamua kama maskini.

Kutokana na hayo, kazi tatu zinawahusu wasomi wa Kiswahili.

Ya kwanza ni ya kikamusi. Istilahi kama "mali kauli", "rejesho", "kausha damu", "hesabu" kwa maana ya madereva, na "kukatika" kwa mtaji, zinahitaji kuingizwa katika kamusi pamoja na mifano ya matumizi yake. Kamusi zimehifadhi "rasilimali", neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kichwa cha mali, ambalo leo limehamia katika maana pana zaidi. Msamiati wa soko la leo unastahili uangalifu uleule.

Ya pili ni ya ufundishaji. Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha njia mbili za kuwafundisha wafanyabiashara wadogo katika Jamhuri ya Dominika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Mafunzo ya uhasibu wa kawaida hayakubadilisha mengi. Mafunzo ya kanuni nyepesi, kama ile ya kutenga fedha za biashara mbali na za nyumbani, yalileta mafanikio zaidi. Anayewafundisha wafanyabiashara wa Tandale au Gikomba kanuni hiyo hana haja ya kutafsiri istilahi kutoka lugha nyingine. Neno lipo: fungu. Mafunzo yaanze na neno analolijua mwanafunzi, kisha yampeleke kwenye daftari.

Ya tatu ni ya mikataba. Tanzania ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na mwaka 2021 ikafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hatua hizo ni kubwa, lakini mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili unaweza bado kuficha. Mkataba unaosema "ada ya uwezeshaji itatozwa" ni wa Kiswahili sanifu, na mtozaji hayumo, wala jumla haimo. Sentensi inayotakiwa ni hii: "Umekopa shilingi 100,000, utalipa shilingi 130,000, ukichelewa siku moja utaongeza kiasi hiki." Ina mtenda, ina jumla, ina wakati. Kuiandika hakuhitaji istilahi mpya hata moja. Kunahitaji nia, na kunahitaji mtu anayejua kwamba kati ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa kuna mali ya mtu.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba fungu, kibubu, hesabu, chenji, mali kauli na kausha damu ni majina ya mambo ambayo saikolojia ya uchumi imeyapima katika miongo ya karibuni. Wafanyabiashara wadogo walikuwa wameyaona. Aidha, imeonyeshwa kwamba maneno yanayomlinda mfanyabiashara na maneno yanayomtega hutoka katika lugha moja, na hakuna mtu aliye katika nafasi nzuri ya kuyatenganisha kuliko aliyejifunza lugha hiyo kwa kina.

Mwanafunzi wa isimu atakayetoka hapa na kupita sokoni huenda akamsikia mtu akisema kwamba mtaji umekatika. Sarufi ya sentensi hiyo anaijua. Maswali yanayobaki ni yale ambayo sentensi haikuyajibu: nani alikata, siku gani, na kwa mkataba ulioandikwaje. Utafiti uanzie hapo.